Ramani ya Kweli Ndiyo Ipi?

Mpe mtoto wa shule karatasi na kalamu ya risasi, umwambie, "Nichoree kijiji chenu." Atakayoichora kwanza ni nyumba ya mama yake, naye ataichora kubwa kuliko kanisa. Kisha atachora mwembe ambao chini yake hucheza na wenzake, na kisima, na nyumba ya bibi yake, na pengine mbwa mkali wa jirani, maana njia ya shule hupita hapo. Barabara kubwa ya magari huenda akaisahau kabisa. Nyumba ya bibi, ambayo ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, ataiweka karibu na ya mama yake, kana kwamba mtu akikohoa huku atasikiwa kule.

Je, mtoto huyu amesema uongo? Wengi wetu tutacheka na kusema, "Ni mtoto tu, hajajua kupima." Lakini swali lenyewe si la kitoto. Ramani ni neno lililoandikwa kwa mistari, na kama lilivyo kila neno, yaweza kuwa kweli au uongo. Basi nataka tulitazame swali hili pamoja, nami nitawachukua, ndugu wasomaji, mbali sana, hata chini ya milima ya Himalaya. Huko watu wazima, mafundi wenye akili nyingi, walichora nchi yao kwa namna inayofanana na ya mtoto huyu, nao walijua wanalolifanya.

Nepal ni nchi iliyo kati ya Uhindi na Uchina. Ndani ya milima yake mna bonde moja lenye rutuba, liitwalo bonde la Kathmandu, lililoinuka kupita mita 1,300 juu ya bahari. Wenyeji wake wa kale ni Wanewari. Wanayo lugha yao wenyewe, na hesabu yao ya miaka, ambayo mwanzo wake ni mwaka 879 baada ya Kristo. Katika bonde hilo walijenga miji mitatu mikubwa, Kathmandu, Patan na Bhaktapur, ikawa na wafalme wake, mpaka Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, alipoishinda yote katika miaka ya 1768 na 1769. Wengine wao ni Wahindu, wengine ni Wabudha, na mara nyingi watu wa dini hizo mbili hukutana mahali pamoja pa ibada. Sisi hatumo katika dini yao, wala siandiki ili kuisifu au kuitukana. Ninataka tujifunze jambo moja kwa kazi ya mikono yao, maana kuuliza si ujinga, na mwenye kutazama kazi ya mwenzake kwa heshima hakosi kupata la kumfaa.

Wanewari wana ukoo wa wachoraji waitwao Chitrakar, ambao kazi yao imetoka kwa baba kwenda kwa mwana tangu zamani. Michoro yao ya kitambaa huitwa paubha. Mchoraji huchukua kitambaa cha pamba, akakiwamba juu ya fremu ya mti, akakipaka gundi iliyopikwa kwa ngozi ya nyati wa kufugwa pamoja na udongo mweupe. Kikiisha kukauka hukisugua kwa jiwe laini, mpaka kikawa laini kama ngozi. Ndipo achorapo mistari, kisha hutia rangi, na nyingi za rangi za kale zilikuwa za mawe yaliyosagwa. Macho ya sanamu huyachora mwisho wa yote. Kwa ufundi huo huo walichora pia ramani za bonde na za miji.

Lakini atakayezitazama ramani hizo akitafuta barabara na vipimo atashangaa. Nyingi ni duara ndani ya duara. Namna hii ya kuchora huitwa mandala, neno la Kisanskriti lenye maana ya duara. Kuna kitovu, na kuna pande za dunia zilizopangwa kukizunguka, na kila upande una mwenyewe. Tutwae kwa mfano mji wa Bhaktapur. Katikati yupo mungu wa kike aitwaye Tripurasundari. Kumzunguka wapo wale ambao wenyeji huwaita Mama Wanane: upande wa mashariki Brahmayani, kusini Kumari, magharibi Varahi, kaskazini Mahakali, na wengine wanne katika pembe zilizo kati ya pande hizo. Kila mmoja ana mahali pake hasa juu ya ardhi, karibu na mto au pembeni mwa mji. Na mara nyingi mahali hapo si jumba la fahari, bali ni mawe tu yaliyowekwa chini ya mbingu. Ndani ya mji kila Mama ana nyumba ya kutunzia sanamu yake. Wenyeji husema kwamba Mama hawa ndio walinzi wa mji, nao wameuzunguka kama boma.

Sasa yatazame mambo ya mpimaji. Bhaktapur si duara hata kidogo. Ni mji mrefu, umelala juu ya kilima kidogo kutoka mashariki kwenda magharibi, na mto Hanumante wapita upande wa kusini. Katika miaka ya 1970 wanachuoni wawili Wajerumani, Niels Gutschow na Bernhard Kölver, waliuchungulia mji huu kwa bidii, na mwaka 1975 wakatoa kitabu juu ya mpango wake. Mahali pa Mama wale wanane palipotiwa katika ramani iliyopimwa, hapakutokea duara, bali umbo lililopindapinda, Mama mmoja karibu na nyumba za watu, mwingine mbali, na pande zenyewe hazikukaa sawasawa. Basi hapo pana ramani mbili za mji mmoja. Moja yasema mji ni duara kamili, na walinzi wake wako mbali na kitovu kwa kipimo kimoja. Ya pili yasema sivyo. Ndiyo ipi ya kweli?

Mtu wa kwanza atajibu upesi, "Ya mpimaji. Ile nyingine ni ya watu wasiojua kupima." Jibu hili ni jepesi, walakini halisimami. Katika mji huo huo wa Bhaktapur, mwaka 1702, mfalme Bhupatindra Malla aliisha kujenga hekalu la Nyatapola, lenye mapaa matano, moja juu ya jingine, na urefu wake ni kama mita 30. Tetemeko kubwa la nchi la mwaka 1934 liliangusha sehemu kubwa ya mji, hekalu lile likasimama. Likaja tetemeko la mwaka 2015, likasimama tena. Je, watu wanaoweza kupandisha mapaa matano ya mbao na matofali yasianguke katika matetemeko mawili, hao ndio watu wasiojua kupima? Fundi aliyejenga alipima kwa uzi na kwa timazi. Basi mchoraji wa mji huo huo, alipoacha kupima, hakuacha kwa ujinga. Aliacha kwa kuwa alikuwa akijibu swali jingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kila ramani ni jibu, na jibu haliwezi kuhukumiwa mpaka lijulikane swali lake. Itazame ramani ya dunia ambayo kwa miaka mingi imetundikwa katika vyumba vingi vya shule. Aliyeitunga ni Gerardus Mercator, mwaka 1569, naye aliitunga kwa ajili ya mabaharia, ili nahodha akipiga mstari ulionyoka juu ya karatasi apate kuufuata kwa dira bila kugeuza upande. Kwa kazi hiyo ramani yake ni ya ajabu. Lakini ili kuufanya mstari unyoke, alilazimika kuzikuza nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Kwa hiyo kisiwa cha Greenland chaonekana karibu sawa na Afrika nzima, ingawa Afrika ni kubwa kuliko kisiwa hicho kiasi cha mara 14. Mercator hakuwa mwongo. Alijibu swali la nahodha, "Nielekeze chombo wapi?" Uongo uliingia siku mtu alipoitundika ramani hiyo ukutani na kuiacha ijibu swali jingine, "Nchi ipi ni kubwa?" Watoto wengi wa Afrika wameitazama, wakaona bara lao limenywea, wala hapana aliyewaambia kwamba swali limebadilishwa.

Labda msomaji atasema, "Lakini Wanewari walitia ibada yao ndani ya ramani, sisi hatufanyi hivyo." Ngoja kwanza. Katika kanisa kuu la Hereford, huko Uingereza, imetunzwa ramani ya dunia iliyochorwa yapata mwaka 1300 juu ya ngozi ya ndama mmoja. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Wakristo. Dunia wameichora duara, mashariki ikawa juu, bustani ya Edeni imewekwa kule juu kabisa, na Yerusalemu ipo katikati ya nchi zote. Hapana chombo kilichoweza kusafiri kwa ramani ile. Wala haikutungwa kwa ajili ya vyombo. Ilimwambia Mkristo wa Uingereza, aliyekaa pembeni kabisa mwa duara, kwamba kitovu cha maisha yake hakipo mlangoni pake. Kwa hiyo tukitaka kuwacheka Wanewari, yatupasa tuwacheke na ndugu zetu wa zamani, na kicheko hicho hakitatufundisha kitu.

Tuulize basi: ile ramani ya duara ya Bhaktapur ilijibu swali gani? Jibu limo katika miguu ya watu. Kila mwaka, mnamo Septemba au Oktoba, huja sikukuu ambayo Wanewari huiita Mohani. Kwa muda wa siku tisa watu wa mji hutoka alfajiri, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, wakaenda kwa Mama mmoja kila siku. Siku ya kwanza huenda mashariki kwa Brahmayani, siku ya pili kwa yule anayefuata, vivyo hivyo mpaka wamezunguka pande zote nane, na siku ya tisa huja katikati, kwa Tripurasundari. Baada ya siku hizo mtu amekwisha kuuzunguka mji wake wote kwa miguu yake mwenyewe. Ramani ya mpimaji yajibu, "Ni mbali kiasi gani?" Ramani ya mandala yajibu, "Nina deni la kwenda kwa nani?"

Na sasa twaona kwa nini mchoraji aliwaweka Mama wote wanane mbali na kitovu kwa kipimo kimoja. Katika ardhi mmoja yuko karibu, mwingine yuko mbali. Lakini katika wajibu wako sawa. Mtu hawezi kusema, "Huyu yuko mbali, nitampa nusu ya haki yake." Umbali wa miguu si umbali wa wajibu. Yule mtoto wetu alilijua hilo bila kufundishwa. Nyumba ya bibi yake aliiweka karibu na ya mama yake kwa sababu moyoni mwake haikuwa mbali. Hakusema uongo juu ya njia, maana hakuulizwa habari za njia.

Mwaka 2015 ramani hizi za namna mbili zilijaribiwa pamoja. Tarehe 25 Aprili nchi ilitetemeka kwa nguvu nyingi, na katika Nepal watu karibu 9,000 walikufa. Huko Bhaktapur nyumba za kale za matofali na udongo zilianguka, vichochoro vikajaa kifusi. Siku zile ramani ya kupimwa ilifanya kazi yake kuu. Maelfu ya watu wa kujitolea, katika nchi nyingi, waliketi wakachora barabara na nyumba za Nepal kwa kuangalia picha zilizopigwa kutoka juu angani, ili waokoaji na wachukuzi wa chakula wapate njia. Wengi wa wachoraji hao hawakuwa wameikanyaga nchi ile. Hapana mtu mwenye akili angewaambia waokoaji, "Chukueni mandala." Aliyefukiwa chini ya ukuta hahitaji duara, anahitaji mtu ajuaye nyumba yake iko wapi.

Lakini miezi minne baadaye, mwezi wa Agosti, ikaja sikukuu nyingine, iitwayo Gai Jatra, yaani maandamano ya ng'ombe. Katika Bhaktapur, kila nyumba iliyofiwa katika mwaka hutengeneza kiunzi cha mianzi, huvikwa nguo, hutiwa picha ya marehemu, nacho huchukuliwa kuuzunguka mji kwa njia ile ile ya kale ya maandamano. Mwaka ule nao walizunguka, ingawa nyumba nyingi za kandokando zilikuwa zimebomoka au zimeegemezwa magogo. Katika siku hiyo ramani ya kupimwa haikuwa na la kumwambia mfiwa. Yaweza kumwonyesha mahali ilipokuwa nyumba yake, wala haiwezi kumwambia apite wapi na huzuni yake, ama kwamba haimpasi kupita peke yake. Njia ya duara ilimwambia. Yule aliyefiwa na mtoto alitembea nyuma ya yule aliyefiwa na baba, na waliokaa kandokando ya njia wakawaona wote.

Kufikia hapa yaonekana nimewatetea wachoraji wa Bhaktapur, na kesi imekwisha. Haijaisha. Kuna jambo ambalo ningelinyamazia, maneno haya yangekuwa ya kupendeza tu, wala yasingekuwa ya kweli. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Duara lile zuri lina ila.

Kila duara lina ndani na nje. Wanewari wa zamani walikuwa wamegawanyika katika tabaka za kuzaliwa, kuanzia makuhani na wafalme mpaka waliohesabiwa kuwa najisi. Miongoni mwa hao wa chini walikuwapo wafagiaji wa mji, waliosafisha vyoo vya watu na kuzoa uchafu wao. Hao hawakuruhusiwa kukaa ndani ya mpaka wa mji. Nyumba zao zilikuwa nje. Mtu wa tabaka za juu hakuweza kupokea maji mikononi mwao. Mwaka 1854 serikali ya Nepal iliandika sheria kubwa ya nchi, na katika sheria hiyo watu waliwekwa ngazi kwa ngazi kwa kadiri ya kuzaliwa kwao, na wafagiaji hao wakaandikwa katika ngazi ya mwisho, ya wasioguswa. Sheria mpya ya mwaka 1963 iliziondoa ngazi hizo, na sheria ya mwaka 2011 ikafanya kuwa kosa la jinai kumtenga mtu kwa sababu ya tabaka lake. Lakini karatasi ya sheria hubadilishwa upesi kuliko mazoea ya mtu, na mazoea yale hayajafa yote.

Basi utazame tena mchoro ule wa duara. Wamo Mama Wanane, kila mmoja na rangi zake na mapambo yake. Mfagiaji na nyumba yake katika mpango ule hana mahali, ila kule nje. Hapo twasema nini? Je, ramani ile iliyomfundisha mtu kwenda alfajiri kwa kila Mama haikumfundisha pia kupita mbele ya nyumba za jirani zake kana kwamba hazipo? Ikiwa ramani yajibu swali, "Nina deni kwa nani?" basi jibu lake limepungukiwa na jina.

Na sasa lisikieni jambo la ajabu kuliko yote. Mawe ya wale Mama walinzi, yaliyo nje ya mji, ni nani aliyeyatunza? Ni nani aliyefagia mahali pale kabla ya watu kuja alfajiri, akapokea sadaka zao? Ni wafagiaji wale wale. Kwa desturi ya kale, watu wa tabaka hilo ndio watunzaji wa mahali pa Mama wa nje. Katika Kinewari jina lao moja ni Dyahla, na ndani ya jina hilo mna neno dyah, yaani mungu. Watu waliozuiliwa kulala ndani ya mji ndio waliowekwa kuwatumikia wale ambao mji ulitumaini walinzi wao. Duara lilimtoa mtu nje, kisha likamkabidhi ulinzi wake.

Hapo ndipo niliposema moyoni: sasa nimepata mizani ya kuipimia ramani. Mtu aweza kunipinga akasema, "Mwalimu, unachanganya mambo mawili. Ubaya ni kitu kimoja, uongo ni kingine. Ramani yaweza kuwa ya kweli huku watu wake ni wadhalimu." Maneno haya yana nguvu, nami sitaki kuyaruka. Kama mpimaji akichora gereza, ramani yake ni ya kweli hata kama waliofungwa humo wameonewa. Lakini ramani ya duara haidai kuonyesha kuta. Yadai kuonyesha ni nani anayeushika mji usianguke, na ni nani anayemdai mwenzake. Hilo ndilo swali iliyojichagulia yenyewe. Na kwa swali hilo hilo, kumwacha mtunzaji wa mawe si ukatili tu, bali ni kosa la hesabu. Ni kama fundi aliyechora nyumba akasahau nguzo moja, kisha akaisifu nyumba yake kuwa imesimama vema. Imesimama juu ya nguzo ile asiyoichora. Kwa hiyo ramani ile imeshindwa kwa kipimo chake yenyewe, si kwa kipimo cha mpimaji, wala kwa kipimo changu mimi mgeni.

Na bado namwona mchoraji yule kwa jicho la heshima, kwa sababu ramani yake ilikuwa na dawa ya ugonjwa wake. Haikuchorwa ili mtu aketi nyumbani na kuitazama, yamtaka aondoke. Mtu wa tabaka la juu, ili atimize siku zake tisa, hana budi kutoka katika mji, kuvuka mpaka, na kufika pale penye mawe. Na pale amkuta nani? Amkuta yule aliyefutwa katika mchoro, yu hai, amesimama, ufagio mkononi. Kitambaa chaweza kumficha mtu, njia haiwezi. Mwenye macho aliyekwenda miaka ishirini katika njia ile, bila kujiuliza huyu ni nani na kwa nini halali ndani ya mji, huyo hakukosa ramani, alikosa kutaka kuona. Naye aliyejiuliza ameisahihisha ramani kwa miguu yake.

Basi jibu langu ni hili. Ramani ya mpimaji ni ya kweli, maadamu haijifanyi kujua yasiyopimika. Yaweza kukuambia jirani yako yuko hatua mia tatu kutoka kwako. Haiwezi kukuambia kwamba hujakwenda kumwamkia tangu mavuno. Ramani ya duara nayo ni ya kweli, maadamu inamtoa mtu nyumbani kumpeleka kwa yule anayemdai. Na huwa ya uongo pale inapompa mtu ruhusa ya kutomwona mwenzake. Wala hapana ramani, iwe ya kitambaa, ya karatasi, au iliyomo moyoni, inayojua ni nani aliyesahauliwa, mpaka mtu atembee mwenyewe akamkute.

Nasema iliyomo moyoni, kwa kuwa kila mmoja wetu anayo. Kila mtu katika kijiji ana duara lake. Katikati ameweka watu wake; kandokando ameweka wale anaowaamkia; na nje ya mstari ameweka wengine, ambao huenda wanamchotea maji, wanamlimia shamba, au wanamchimbia kaburi akifiwa, wala majina yao hayajui sawasawa. Ukitaka kuijua ramani yako, usiulize unampenda nani, maana sote tutajibu vizuri. Uliza ni nani anayeushika mji wako usianguke, nawe hukumchora.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, nawe mzazi, mtoto akikuletea ramani yake yenye nyumba kubwa ya mama na mbwa mkali, usimcheke, wala usimwambie kwamba amekosea. Mpe rula wakati wake, umfundishe kupima, maana siku itakuja atakapotafuta nyumba ya mtu aliye taabuni, na siku hiyo mapenzi peke yake hayatamwonyesha njia. Lakini kabla ya rula, iangalie ramani yake pamoja naye, umwulize swali moja tu: "Mwanangu, ni nani akaaye hapa kwetu ambaye hukumchora?" Kisha mrudishie kalamu.